Siku 25 za tathmini: jibu kwa dada wa Arua

Msomaji wetu wa Arua ameandika: "Mwalimu, salaam. Nimefanya kazi ya ufuatiliaji na tathmini kwa miaka tisa katika shirika moja la misaada hapa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mpaka mkataba wangu ulipokatika mwaka 2025 baada ya fedha za Wamarekani kusimama. Sasa shirika jingine limeniomba nifanye tathmini ya mwisho ya mradi wao wa miaka mitatu wa kuwainua vijana kiuchumi, wakimbizi na wenyeji, huko Yumbe na Adjumani. Hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi, zinasema siku 25 za kazi, hojaji kwa vijana 420, na bajeti isiyozidi shilingi milioni 36, kila kitu ndani yake pamoja na kodi. Nitoze kiasi gani kwa siku? Na je, niingie moja kwa moja katika kazi ya kujitegemea au niendelee kutafuta ajira?"

Dada yangu, salaam nyingi, na pole kwa kukatikiwa na kazi. Hukuwa peke yako: shirika la misaada la Marekani, USAID, lilipofunga rasmi shughuli zake tarehe 1 Julai 2025, lilikuwa limekwisha kuacha nyuma yake watu wengi wa fani yetu wasio na mishahara, na wengi wao leo wanajiita washauri wa kujitegemea. Nalitaja hili mapema kwa sababu litakushawishi kupunguza bei, nami nitakuomba usipunguze, au angalau usipunguze kabla ya kuhesabu.

Swali lako la bei halijibiki kabla ya swali la siku. Aliyeandika hadidu hizo ameandika siku 25 kwa sababu tathmini iliyopita iliandikwa siku 25, na ile ya kabla yake vilevile. Sijapata kukutana na mtu aliyekaa akazihesabu. Basi tuzihesabu sisi. Kusoma nyaraka za mradi, ripoti za robo mwaka na takwimu za utafiti wa msingi uliofanywa mradi ulipoanza, pamoja na mazungumzo ya kwanza na wenye mradi, ni siku 4. Kuandika ripoti ya uanzishaji, inayoeleza utakavyoifanya kazi, pamoja na hojaji na miongozo ya mahojiano ni siku 4 nyingine, na siku 1 ya kuirekebisha baada ya maoni yao. Kusimamia tafsiri, kuingiza hojaji katika Kobo, programu ya kukusanyia data kwa simu, na kuijaribu kijijini ni siku 3. Kuwafundisha wasaili ni siku 2, na safari za kwenda, kurudi na kuhama wilaya ni siku 2. Sasa uwanjani: msaili mmoja mwenye hojaji ya dakika 45, akitembea kutoka boma hadi boma, hafikishi watu wanane kwa siku bila kuanza kubuni majibu, kwa hiyo weka saba, wasaili sita mara saba ni 42, na vijana 420 ni siku 10, wakati wewe mwenyewe unafanya mahojiano na majadiliano ya vikundi. Kusafisha na kuchambua data ni siku 5, kuandika rasimu siku 7, kuwasilisha matokeo siku 1, kuitikia maoni na kuandika upya siku 4, na muhtasari wa kurasa nne ambao hukumbukwa dakika ya mwisho ni siku 1. Jumla ni siku 44.

Gharama zisizo zako ni hizi, kwa makadirio ambayo wewe utayarekebisha kwa bei za kwenu. Wasaili sita kwa siku 12, tukiwapa shilingi 100,000 kila mmoja kwa siku pamoja na posho, ni 7,200,000. Gari, dereva na mafuta kwa siku 12, tuseme 350,000 kwa siku, ni 4,200,000. Malazi na chakula chako siku hizo, kwa 120,000, ni 1,440,000. Tafsiri za hojaji 600,000. Muda wa maongezi, uchapaji, ukumbi wa mafunzo na waongozaji wa vijijini 1,000,000. Tumefika 14,440,000, na katika zile milioni 36 yamebaki 21,560,000.

Ukizigawa fedha hizo kwa siku 25 za kwenye karatasi, unapata 862,400 kwa siku, na mtu aliyetoka kwenye mshahara anaona amepata neema. Ukizigawa kwa siku 44 utakazofanya kweli, unapata 490,000 tu. Tofauti ya namba hizi mbili haipotei. Inalipwa na wewe, usiku, mwezi wa pili baada ya kazi kupaswa kuisha, ukiandika sura ya uendelevu huku umesinzia.

Je, 490,000 ni kidogo? Hapo ndipo ujiulize unahitaji nini kwa mwaka. Chukulia kwamba mshahara wako ulikuwa milioni 5 kwa mwezi, yaani milioni 60 kwa mwaka. Mwajiri alikuwa akikuwekea asilimia 10 juu yake katika NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hizo ni milioni 6 ambazo sasa hakuna atakayekuwekea, ingawa unaweza kuendelea kuchangia huko kwa hiari yako. Ongeza bima ya afya ya familia, tuseme milioni 4, kisha kompyuta, intaneti, umeme wa sola na matengenezo ya vyote hivyo, milioni 6. Ni milioni 76. Sasa gawa, lakini usigawe kwa siku 260 za kazi kama afanyavyo mwajiriwa. Mtathmini wa kujitegemea aliye na bahati na jina huuza takriban siku 110 kwa mwaka. Zilizobaki anaandika zabuni asizozipata, anangoja majibu, anafuatilia ankara, anaugua, anazika ndugu. Milioni 76 kwa siku 110 ni kama 690,000 kwa siku. Hiyo ndiyo bei yako ya kusimama palepale ulipokuwa. Si bei ya kutajirika.

Kwa bei hiyo, kazi waliyoiandika inagharimu 30,360,000 za kwako na 14,440,000 za uwanjani, yaani 44,800,000. Wao wana 36. Watu wengi wakifika hapa hukata bei yao. Mimi nakushauri ukate kazi, na uikate waziwazi, kwa barua, kabla ya mkataba.

Kitu cha kwanza cha kukata ni ile hojaji ya watu 420. Nadhani nafahamu ilikotoka. Mtu alitafuta namba 384, ambayo kila mhitimu wa chuo kikuu hapa kwetu anaijua kama anavyojua jina la kijiji chake, akaongeza kidogo kwa ajili ya watakaokosekana, ikawa 420. Namba 384 ni halali kwa kazi yake: inakupa uhakika wa asilimia 95 kwamba asilimia uliyoipata haitofautiani na ukweli kwa zaidi ya pointi 5 kila upande, ikiwa umewachagua watu mmoja mmoja kwa bahati nasibu kutoka orodha kamili. Lakini vijana wa mradi huu wamo katika vikundi, na wanakikundi hufanana: wana mkufunzi mmoja, soko moja, na mweka hazina mmoja aliyekimbia na fedha au hakukimbia. Ukichagua vikundi ishirini ukawahoji wote waliomo, huna habari za watu 420 waliotawanyika. Una habari za vikundi ishirini, na ili upate uhakika uleule huenda ukahitaji sampuli mara mbili. Tena, hata wangekuwa elfu moja, hakuna hojaji ya walionufaika peke yao itakayokuambia kwamba mradi ndio uliowainua, kwa sababu hukuwahoji wasiokuwamo, na mvua nzuri ya mwaka huo iliwanyeshea wote.

Na juu ya vijana wa kaskazini na mitaji, tunao ushahidi mzuri wa hapahapa nyumbani ambao ningependa uusome kabla hujaandika ripoti ya uanzishaji. Chini ya NUSAF, mfuko wa serikali wa kuendeleza kaskazini mwa Uganda, mwaka 2008, serikali ilitoa fedha kwa vikundi vya vijana vilivyoomba mtaji wa kujifunza ufundi na kuanza kazi, wastani wa dola 382 kwa kila mtu, na kwa kuwa waombaji walizidi fedha, vikundi 535 viliingizwa katika kura. Mtafiti Christopher Blattman na wenzake wakawafuata waliopata na waliokosa. Baada ya miaka minne, kipato cha waliopata kilikuwa juu kwa asilimia 38. Habari hiyo ilizunguka dunia. Kisha wakarudi tena baada ya miaka tisa, na wale waliokosa walikuwa wamekwisha kuwafikia wenzao kwa kipato. Waliopata walibaki mbele zaidi katika mali na ujuzi wa ufundi kuliko katika fedha za kila mwezi. Jiulize tathmini ya mwisho, inayofanywa mwezi ambao mradi unafunga ofisi, ingesema nini juu ya mpango ule. Kwa hiyo neno "athari" litakapotokea katika hadidu zako, na limo, bila shaka, usikubali kuahidi kwamba utalipima kwa siku 25, wala kwa 44. Ahidi kueleza mabadiliko yaliyoonekana, njia ambayo huenda mradi ulichangia, na sababu nyingine zinazoweza kueleza mabadiliko hayohayo.

Waandikie hivi basi: kwa kuwa mradi una takwimu zake za kila robo mwaka na utafiti wa msingi, utazikagua kwanza takwimu hizo na kuzitumia, na badala ya hojaji ya 420 utatembelea vikundi vichache vilivyochaguliwa kwa makusudi, vilivyofanikiwa, vilivyokufa na vya katikati, ukikaa nusu siku na kila kimoja, ukifungua daftari lao la akiba. Utahitaji wasaidizi wawili kwa siku 8, ambao ni 1,600,000, gari siku 8, ni 2,800,000, malazi 960,000, mengineyo pamoja na tafsiri 1,000,000. Hizo ni 6,360,000. Siku zako zinashuka kutoka 44 hadi 38, kwa sababu uwanjani utakaa 7 badala ya 10, mafunzo yatakuwa siku 1 na kutayarisha zana siku 1. Siku 38 kwa 690,000 ni 26,220,000. Jumla ni 32,580,000, na bado una nafasi ya ada za kibali cha maadili. Tathmini hiyo itakuwa bora kuliko ile waliyoiomba, na wewe hutakuwa umejipunja.

Jambo la pili la kukata ni maswali. Vigezo vya tathmini vya DAC, kamati ya misaada ya maendeleo ya OECD, umoja wa nchi tajiri, vilivyowekwa mwaka 1991 vikiwa vitano na kuongezewa cha sita, uwiano na miradi mingine, mwaka 2019, vimekuwa kama kanuni ya sala: kila hadidu za rejea huvitaja vyote, na chini ya kila kimoja maswali matano au sita. Maandishi yenyewe ya mwaka 2019 yanasema vigezo vitumiwe kwa kufikiri na kulingana na madhumuni ya tathmini. Waulize kwa upole ni uamuzi gani wanaotaka kuufanya baada ya kusoma ripoti. Ikiwa wanaandika ombi la awamu ya pili, maswali saba yanatosha. Ikiwa hakuna uamuzi wowote, na ripoti inatakiwa tu kwa sababu mfadhili aliiandika katika mkataba, ni vizuri pia kulijua hilo mapema.

Sasa vibali, na hapa nitapita haraka kwa kuwa wewe ni mwenyeji kuliko mimi. Makazi ya Bidibidi na ya Adjumani yako chini ya Idara ya Wakimbizi ya Ofisi ya Waziri Mkuu, kwa hiyo barua ya ruhusa ya kuingia iombwe na shirika, si na wewe, na iombwe siku mkataba unapotiwa sahihi. Kisha ni mkuu wa makazi, mkuu wa utawala wa wilaya, mwakilishi wa Rais wa wilaya, na mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, ambaye ukimruka utajuta. Kuhusu maadili ya utafiti, shirika likitaka kuchapisha matokeo, au ukiwahoji watoto au walioonewa kijinsia, nenda kwenye kamati ya maadili iliyoidhinishwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na hesabu wiki, si siku. Hata pasipo kamati, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inakuhusu: majina na namba za simu za wakimbizi hazikai katika kompyuta yako kwa miaka, wala hazitumwi kwa WhatsApp ya timu.

Neno moja la lugha, kwa sababu nimeona tathmini zikiharibika hapo. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika makazi ya Kyaka II, magharibi mwa Uganda, miongoni mwa wakimbizi wa Kongo, na hojaji ya Kiswahili iliyoandikwa Kampala. Swali la tatu liliuliza: "Kaya yako ina watu wangapi?" Mama mmoja aliyekuwa akimenya mihogo aliacha kumenya, akamtazama msaili, akauliza kaya ni kitu gani. Msaili, kijana mwema wa Masaka, akamfafanulia kuwa ni nyumba. Mama akajibu: "Tatu." Alikuwa na nyumba tatu ndogo za udongo katika kiwanja chake, na watu kumi na mmoja ndani yake. Jioni ile tulilibadili swali: "Jamaa yako iko na watu wangapi, wale mnaokula chungu kimoja?" Kwa Wakongo wale jamaa ni familia, ingawa mtaani Kampala jamaa ni bwana fulani tu. Na hicho kilikuwa Kiswahili kwa Kiswahili. Wewe utakuwa na Kiaringa, Kimadi, Kibari na Kiarabu cha Juba. Usikubali tafsiri ifanywe na msaili papo hapo kwa mdomo, kila mmoja na ya kwake. Zile 600,000 nilizoziweka si anasa.

Nije kwenye mkataba, ambao kwangu mimi ndio moyo wa jibu hili, kwa sababu watu huzungumza juu ya uhuru wa mtathmini kana kwamba ni tabia njema ya moyoni, kumbe kwa sehemu kubwa ni ratiba ya malipo.

Mwaka wangu wa pili wa kujitegemea nilitathmini mradi wa vikundi vya akiba, kwa shirika ambalo sitalitaja. Tulitembelea vikundi kumi na vinane. Tisa vilikuwa vimekwisha kufa, na kimoja katika hivyo sanduku lake la chuma, lenye makufuli matatu, lilikuwa likitumika kuatamishia kuku. Niliandika katika rasimu: nusu ya vikundi tulivyovitembelea havifanyi kazi tena. Rasimu ilirudi na maoni 140. Mengi yalikuwa ya tahajia na mengine yalinisahihisha kwa haki, kwa mfano nilikuwa nimekosea jina la kata. Lakini oni la 63 lilipendekeza sentensi yangu isomeke: "vikundi vimo katika hatua mbalimbali za ukomavu." Nikakataa. Mkataba wangu ulikuwa umeandikwa kwamba asilimia 40 ya malipo italipwa "baada ya ripoti ya mwisho kukubaliwa na shirika." Walikaa miezi minne bila kuikubali. Kodi ya nyumba ilifika, karo ya shule ikafika, na mwezi wa nne nikajikuta nimekaa mbele ya kompyuta nikijiuliza kama "hatua mbalimbali za ukomavu" ni uongo kweli, au ni namna nyingine tu ya kusema. Sentensi ilibaki kama ilivyokuwa, na fedha zililipwa hatimaye, lakini sijisifu: iliponea chupuchupu, na iliponea kwa sababu shemeji yangu alinikopesha karo.

Tangu hapo mikataba yangu yote ina vipengele ambavyo nakusihi uvidai. Gharama za uwanjani zilipwe zote kabla ya kuondoka, au bora zaidi shirika lilipe lenyewe gari na hoteli. Ada yako ilipwe asilimia 30 unapotia sahihi, 30 unapowasilisha ripoti ya uanzishaji, 30 unapowasilisha rasimu, na 10 tu ibakie mwishoni. Angalia neno "unapowasilisha": malipo yafungwe na kitendo chako, yasifungwe na kuridhika kwao. Maoni juu ya rasimu yaletwe mara moja, yakiwa yamekusanywa pamoja, ndani ya siku 10 za kazi, na zikipita bila maoni rasimu ihesabiwe kuwa imepokelewa. Kisha kiwepo kipengele kinachosema kwamba mtathmini atasahihisha makosa ya ukweli, lakini hukumu na hitimisho ni vyake. Shirika lisilokubaliana lina haki ya kuandika jibu lake la uongozi na kuliambatisha kwenye ripoti. Hiki cha mwisho hakuna mteja mwenye heshima atakayekikataa, kwa maana ndio utaratibu wa kawaida katika Umoja wa Mataifa. Akikikataa, umejifunza jambo muhimu bila kutumia senti.

Maoni yakija, yajibu katika jedwali: oni lenyewe, umelikubali au umelikataa, na ushahidi uliopo. Oni la 63 nilipolijibu kwa orodha ya vikundi tisa, tarehe tulizovitembelea na majina ya vijiji, maneno yalipungua sana.

Kuna jambo moja hukuliuliza. Miaka tisa ya kazi West Nile maana yake ni kwamba unawafahamu watu. Ikiwa shirika lako la zamani lilishirikiana na mradi huu, au ikiwa wewe mwenyewe ulikaa hata siku moja katika chumba walichobunia mpango wake wa matokeo, litangaze hilo kwa maandishi katika pendekezo lako. Pengine watasema si kitu. Lakini lisipotangazwa, na mtu akalifufua baada ya ripoti isiyowapendeza, hutapata pa kushika.

Kodi. Katika ankara yako mteja atakata asilimia 6 ya kodi ya zuio na kuipeleka URA, mamlaka ya mapato. Watu huihesabu kama hasara, nayo si hasara. Ni kodi uliyoitanguliza, na utaidai unapowasilisha ritani, yaani taarifa ya kodi, ya mwaka unaoishia tarehe 30 Juni, kabla ya tarehe 31 Desemba, mradi hakikisha cheti cha makato kinaonekana katika akaunti yako. Kosa la kawaida ni kuweka gharama za gari na wasaili katika ankara moja na ada yako, ukakatwa asilimia 6 ya jumla yote. Katika milioni 36 hizo ni 2,160,000, zaidi ya robo yake ikitoka katika fedha zisizo zako. Hiyo ni sababu nyingine ya kuwaomba walipe gari wenyewe. Na usidanganywe na rafiki wa dukani kwamba utalipa ile kodi nyepesi ya wafanyabiashara wadogo inayokokotolewa kwa mauzo. Watoa huduma za kitaaluma hawamo ndani yake. Kwa hiyo tunza risiti za kila kitu, hata za kifurushi cha intaneti.

Kuhusu kuacha kutafuta ajira: usiache, si mwaka huu. Fanya kazi hii, weka kando fedha za kuendesha nyumba kwa miezi sita, na wakati huohuo endelea kuomba. Sisemi hivi kwa kukudharau. Nasema kwa sababu mtu asiye na akiba hukubali oni la 63. Jiunge na Chama cha Tathmini cha Uganda, si kwa ajili ya cheti bali kwa ajili ya watu, kwa kuwa kazi nyingi ndogo hupita mdomoni kabla hazijatangazwa. Jiandikishe kwenye kampuni mbili au tatu za Kampala zinazoshindania kazi kubwa ambazo mtu mmoja haruhusiwi kuziomba, kwani zabuni hizo hudai hesabu zilizokaguliwa za miaka kadhaa. Utaingizwa kama mshauri wa kitaifa chini ya kiongozi atakayekuja kwa ndege, na mara nyingi wewe ndiwe utakayefanya uwanja wote huku yeye akiandika. Kubali mara ya kwanza na ya pili. Dai jina lako liwe kwenye jalada, na dai kuandika angalau sura moja, maana bila sampuli ya maandishi yako mwenyewe hakuna atakayekupa uongozi. Mimi nilichelewa kulijua hilo. Nilikuwa na ripoti tano za "timu" na hakuna hata aya moja niliyoweza kuionyesha kuwa ni yangu.

Jumatatu waandikie barua fupi, ya ukurasa mmoja: hesabu ya siku, pendekezo la kuacha hojaji ya 420, maswali saba, na vipengele vya malipo. Waulize pia tarehe za uwanja, kwa sababu wakikupangia msimu wa kulima utawakuta wazee na watoto, na vijana wote watakuwa shambani hadi saa nane. Wakikubali, nitumie rasimu ya mkataba kabla hujatia sahihi. Ukurasa wa malipo tu unatosha.